Vumbi la Ngazi

Ndayisaba alijifunza kukohoa kwa siri. Kila kifua kilipoanza kumkereketa aliinuka mezani taratibu, kama mtu aliyekumbuka jambo, akaingia bafuni, akafungua bomba mpaka mwisho, akauzika uso kwenye taulo nene na kukoholea humo hadi machozi yakamtoka. Kisha alinawa, akajitazama kwenye kioo, akarudi kuketi. Siku za mwanzo alikuta chakula chake kingali cha moto. Baridi ilipokaza, akawa anakikuta kimepoa.

"Shemeji, hicho kikohozi hakikuachi," Ghislaine alimwambia jioni moja akimpakulia sombe, kisamvu cha kwao.

"Ni vumbi la ngazi," alijibu. "Yale majumba ya zamani mjini, ngazi zake zina vumbi la tangu enzi za wafalme."

Félix, mume wa Ghislaine, alicheka. Ndayisaba naye akacheka, lakini kwa tahadhari, maana siku hizi kicheko kilikuwa kinaamsha kikohozi.

Ulikuwa mwisho wa mwaka 2010. Waliishi Hjulsta, pembezoni mwa Stockholm, mahali treni ya buluu inapofikia mwisho na abiria wote hushuka. Félix alikuwa Mrundi wa Bujumbura, dereva wa basi. Ghislaine alikuwa Mkongomani wa Uvira, alihudumia wazee kwenye makao yao. Kiswahili ndicho kilichowaozesha, na ndicho kilichotawala nyumbani. Walikuwa na binti mmoja, Raïssa, aliyekuwa anakaribia miaka mitatu, mtoto wa mashavu na amri nyingi. Ndayisaba alipanga kwao chumba kidogo kilichotazama maegesho ya magari. Kampuni yenye nyumba haikujua kama yupo. "Kaka, jina lako lisionekane mlangoni," Félix alimwambia siku ile alipoleta mizigo. "Akija mtu wa kampuni, wewe ni mgeni, umepitia chai."

Mgeni huyo wa chai alikuwa anakaribia miaka arobaini na mitano. Alizaliwa Makamba, kusini mwa Burundi, kwenye kilima ambacho mtu akisimama kileleni huona ziwa likimeta mbali. Alilima maharagwe na mihogo. Vita vikamtupa kambini Kigoma, huko Kiswahili chake kikakomaa. Akarudi kwao, akaoa, shamba lake likaleta ugomvi na watu wenye silaha, akakimbia tena, safari hii mbali zaidi. Alipoondoka mwaka 2006 mkewe Concessa alikuwa na mtoto mmoja mgongoni na mwingine tumboni. Yule wa tumboni alikuwa sasa na miaka kama minne, na Ndayisaba hajawahi kumshika hata kidole.

Kibali cha kuishi Sweden alikipata. Ombi la kuleta mke na watoto lilikuwa limeshapelekwa. Concessa alishasafiri kwenda ubalozini, akahojiwa, akarudi kilimani kwa mama mkwe wake kusubiri. Kila Jumapili walizungumza kwa simu, na kila Jumapili neno lilikuwa hilo hilo: jibu halijatoka.

Kazi yake ilikuwa kusafisha ngazi. Kila asubuhi alishika ndoo na mopu, akapanda na lifti finyu kama kabati hadi ghorofa ya juu kabisa, akaanza kushuka akipiga deki. Zamani aliteremka akipiga mluzi. Sasa alifika katikati akasimama, akajifanya anakamua mopu, kumbe anatafuta pumzi. Mlango ukifunguliwa na mwenye nyumba akatoka na mbwa wake, Ndayisaba aligeukia ukuta na kubana midomo mpaka hatua zipotee chini. Suruali ilikuwa inamvuka kiunoni. Alitoboa tundu jipya kwenye mkanda, kisha jingine.

Alijua. Hakuna haja ya kumsingizia ujinga. Shuka zake zilikuwa zinalowa jasho katika nchi ya theluji, na moyoni alishaliita jambo hilo kwa jina la kwao: igituntu, kifua kikuu.

Alikiona kikimmaliza kaka yake, Deusdedit. Kaka huyo alianza kukohoa wakati wa kupanda maharagwe, akasema atakwenda zahanati wakimaliza kupanda. Wakamaliza, ikaja palizi. Zahanati ilikuwa ng'ambo ya mabonde, na mhudumu wake leo yupo, kesho hayupo. Hatimaye alipofika akaambiwa alete makohozi ya asubuhi, arudi kesho, na keshokutwa arudi tena kuchukua majibu. Mtu aliyetembea tangu alfajiri kwa miguu hiyo hiyo anayolimia, hiyo kesho anaitoa wapi? Akarudi nyumbani na kikohozi chake. Majirani wakasema amelishwa sumu. Ndugu wakamtafuta mtaalamu wa kuitapisha, akatapishwa hadi akabaki ngozi na macho.

Lakini kilichomkaa Ndayisaba zaidi ni siku moja kabla ya hayo yote, walipokwenda pamoja kunywa pombe ya ndizi. Wanaume walikuwa wameuzunguka mtungi, kila mmoja na mrija wake. Deusdedit akakohoa, akafuta mdomo, akauzamisha mrija wake. Mmoja akautoa wake, akasema ng'ombe hawajanyweshwa. Wa pili akakumbuka mgeni nyumbani. Mpaka Deusdedit akabaki na mtungi mzima mbele yake, anatazama mapovu. Walipokuja kumbeba kwa machela kumpeleka hospitali alifia njiani, na baada ya hapo binti zake walikaa bila mchumba kwa sababu walitoka "nyumba ya kikohozi."

Methali ya mficha maradhi Ndayisaba aliijua tangu utoto. Ila kilimani kwao alikuwa ameyaona pia yanayompata asiyeyaficha.

Na hapa Stockholm kulikuwa na hofu nyingine juu ya ile ya zamani. Alikuwa amesikia mahali fulani, pengine kwenye foleni, pengine kanisani baada ya ibada, kwamba mtu akikutwa na ugonjwa huo Ofisi ya Uhamiaji huliweka kando faili lake. Nani alisema, hakumbuki. Aliyesema alisema kwa uhakika, na hilo lilimtosha. Concessa na watoto waje kwanza. Wakishatua, atakwenda hospitali siku hiyo hiyo. Hiyo ndiyo ahadi aliyojipa, na kila ilipofika wiki mpya aliisogeza mbele.

Mwezi wa kumi alikuwa amejikongoja mara moja hadi kituo cha afya. Mhudumu wa mapokezi alimuuliza kama anahitaji mkalimani wa Kiswahili. Ndayisaba alikataa haraka. Wakalimani wa Kiswahili mjini humo aliweza kuwataja: huyu anaimba kwaya, yule mkewe anasuka nywele za wake za watu wote. Maneno ya chumba cha daktari yangefika kanisani kabla yake. Akaingia na Kiswidi chake cha ndoo na mopu.

Daktari alikuwa kijana mpole. Aliuliza kikohozi kina muda gani. Ndayisaba akasema wiki mbili; kilikuwa na miezi miwili. Jasho usiku? Hapana. Damu? Hapana, na wakati huo kweli ilikuwa hapana. Unatoka wapi? "Hjulsta," akajibu. Daktari akamsikiliza mgongo, akasema ni virusi, vinazunguka sana msimu huu, anywe vya moto, apumzike, asipopona arudi.

Ndayisaba alitoka pale miguu miepesi. Daktari wa Ulaya, na vyombo vyake vyote, amesema ni mafua! Alilishika neno hilo kama mtu anavyoshika tiketi. Kila sauti ya ndani iliposema igituntu, aliitolea tiketi hiyo. Kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyempa daktari majibu ya uongo, hilo hakuligusa.

Katika nyumba ile aliyempenda kuliko wote ni Raïssa. Mtoto alimwita Tonto, yaani mjomba. Akirudi kutoka shule ya chekechea alivua buti zake, akapanda mapajani kwake na kufungua mdomo kama kifaranga. Ndayisaba alifinyanga tonge dogo la ugali, akalichovya mchuzini, akamlisha. "Mer, Tonto!" mtoto aliamuru kwa Kiswidi, akitaka nyongeza, na wazazi wake wakacheka. Ghislaine alikuwa akisema: shemeji anajizoeza, wanawe wakija watakuta mikono tayari.

Januari mtoto alipata homa. Ikaondoka, ikarudi. Chekechea wakampigia mama yake simu aje amchukue, mara ya kwanza, mara ya pili. Akaacha kufungua mdomo. Mashavu yakaanza kuisha, akawa analala sakafuni katikati ya michezo. Wakampa dawa ya maji ya rangi ya waridi, haikusaidia kitu. Ndayisaba alikuwa akimsikia kupitia ukutani, kikohozi chembamba, kikavu, kama kijiti kinachovunjwa. Akalala chali, akatazama dari, akajiambia watoto wote wa chekechea hukohoa Januari.

Akaanza kula chumbani. Akamwambia Ghislaine amechoka na kazi. Mtoto akija kugonga mlango, alijifanya amelala.

Siku ya Alhamisi, akiwa ngazini, kikohozi kilimshika asiwahi hata kugeuka. Alipotazama karatasi ya kujifutia aliona wekundu. Si mwingi. Alikaa kwenye kidato, akaikunja karatasi ile mara nyingi mpaka ikawa ndogo kama punje ya harage, akaitia mfukoni. Mchana huo huo, ingawa haikuwa Jumapili, Concessa alipiga.

"Wamenipigia kutoka ubalozini!" sauti yake ilikuwa inapaa. "Wamethibitisha majina ya watoto. Wanasema jibu liko njiani. Baba Espérance, unanisikia?"

"Nakusikia."

"Mbona sauti yako iko mbali?"

"Niko ngazini," alisema. "Ngazi zinarudisha mwangwi."

Kesho yake, Ijumaa, Raïssa alilazwa hospitali ya watoto, na mama yake akabaki naye. Jumamosi adhuhuri Félix alirudi peke yake. Hakuvua koti. Aliingia jikoni, akasimama akitazama jiko ambalo halikuwashwa.

"Ni TB," alisema.

Ndayisaba alikuwa ameshika kikombe. Alikiweka mezani kwa mikono miwili.

"Wamempiga picha ya kifua. Wamemchoma mkononi hapa, pameanza kuvimba. Wanasema wamemuwahi, atapona. Ila mtoto mdogo hatoi makohozi, hawapati wadudu wa kupima vizuri. Wanamtafuta mtu mzima aliyemwambukiza, ili kutoka kwake wajue dawa ipi inafaa. Kuna aina nyingine, wanasema, hazisikii dawa za kawaida." Félix alikuwa akiongea na jiko. "Mimi na Ghislaine wametupima. Vifua vyetu safi. Wakaniuliza nani mwingine anaishi nyumbani."

"Ukasemaje?"

"Nikasema tuko watatu."

"Ghislaine alikuwepo?"

"Alikuwa ndani na mtoto." Sasa Félix aligeuka, lakini macho yake yaliishia kwenye kola ya shati la Ndayisaba. "Kaka, sikuulizi kitu. Na wewe usinijibu. Chukua mfuko wako uende Bredäng kwa Anselmo, nitampigia. Hawa watu wanaweza kuja hapa kupima kila mtu. Wakikukuta, kampuni itajua tumepangisha. Tutatolewa nje na mtoto mgonjwa, katika theluji hii. Unaelewa?"

"Félix, mimi..."

"Nimekwambia usinijibu!" Félix alipiga meza, vijiko vikaruka. Kisha akashusha sauti. "Ukitaka kwenda hospitali nenda. Nyumba hii usiitaje."

Ndayisaba alifungasha. Nguo zake hazikuwa nyingi. Alilitazama lile taulo nene, akalitia kwenye mfuko wa plastiki, akafunga fundo.

Ndani ya treni alisimama mwisho kabisa wa behewa, skafu imefunika mdomo. Mama mmoja aliingia na kigari cha mtoto akakisogeza karibu naye. Ndayisaba akahama. Stesheni iliyofuata wakaingia wengine, akahama tena, mpaka hakuna pa kuhamia. Treni ilikuwa ikiingia kwenye mwamba, taa zikipita, na kichwani mwake kulikuwa na sentensi moja ya Félix: ili kutoka kwake wajue dawa ipi inafaa. Dawa ya Raïssa ilikuwa ndani ya kifua chake. Alikuwa anaibeba kwenda nayo Bredäng. Kwa upande wa pili akamwona Concessa na simu sikioni, kilimani, akiwa na watoto wawili waliovishwa nguo zao nzuri kwa ajili ya picha za ubalozi. Akibadilisha treni pale stesheni kuu, akishika njia nyekundu, alijaribu kuwapima hao na huyu. Hakufanikiwa. Kila alipowaweka mizanini walilia wote.

Anselmo alikuwa Mtanzania wa Kigoma waliyejuana tangu siku za kambi, mtu wa kifua kipana na sauti ya mnadani. Alikaa ghorofa ya nne Bredäng na mkewe na watoto wanne. Mlango ulifunguliwa kabla Ndayisaba hajagonga mara ya pili. Harufu ya maandazi ikatoka pamoja na joto. Mtoto mmoja akadaka mfuko wake, mwingine akamshika mkono kumvuta ndani.

"Karibu, karibu! Félix kashanieleza, unataka kupumzika kidogo," Anselmo alipaza sauti kutoka ukumbini. "Ingia ufunge mlango, unatuletea Aktiki ndani."

Ndayisaba hakusogea. Mkono wa yule mtoto ulikuwa wa moto na ulikuwa na sukari.

"Mbona umesimama kama mdai? Ingia."

"Siwezi kuingia."

"Kwa nini?"

Alijinasua kwenye mkono wa mtoto, akarudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta wa baraza. "Waondoe watoto kwanza."

Anselmo alimtazama, akawakemea watoto waingie chumbani. Ndayisaba akasema, na ilikuwa mara ya kwanza maneno hayo kutoka kinywani mwake kwa lugha yoyote: "Nina kifua kikuu. Natema damu. Mtoto wa Félix amelazwa, na ni mimi."

Mlango ulisogea, ukabaki mwanya wa uso mmoja tu. Ndayisaba aliona jambo alilolijua. Aliliona zamani, kwenye mtungi wa pombe. Akainama kuokota mfuko wake. Lakini mlango ukafunguka tena, Anselmo akatoka na kandambili zake, akaufunga nyuma yake, akaenda moja kwa moja kufungua dirisha la ngazi. Upepo wa Januari ukaingia kama kisu.

"Tangu lini?"

"Agosti."

"Agosti!" Anselmo alitoa tusi la Kigoma ambalo halitafsiriki. Akatembea huku na huku katika baridi ile, kandambili zikipiga sakafu. "Na Félix anajua?"

"Hakutaka nimjibu."

"Na mimi akanitumia wewe, nyumbani kwenye watoto wanne." Alisimama. "Nisubiri hapo hapo. Navaa viatu."

Gari la Anselmo lilikuwa kuukuu, lakini madirisha yake yalishuka vizuri. Aliyashusha yote manne. Walivuka mji mzima hivyo, theluji ikiwaingia kwenye masikio, Ndayisaba kiti cha nyuma kabisa upande wa pili, Anselmo mbele na kofia mbili kichwani, akitukana kila taa nyekundu. Walipofika mlango wa hospitali ya magonjwa ya kuambukiza, Anselmo alisema bila kugeuka, "Sema kila kitu. Ukificha hata kimoja, nitakuja kukisema mimi."

Walimvalisha barakoa, wakampitisha mlango wa pembeni, wakamweka chumba cha peke yake. Daktari alikuwa mama wa makamo, naye amefunika uso, macho tu ndiyo yalionekana. Juu ya meza kulikuwa na simu iliyowekwa sauti ya juu. Ikatoka sauti ya mwanamke, Kiswahili cha Kenya.

"Habari yako. Mimi ni mkalimani. Sijui jina lako na sitauliza. Nitafasiri kila unachosema na kila anachosema daktari, na tukimaliza siruhusiwi kukirudia popote. Sawa?"

"Sawa." Ndayisaba aliisogelea simu. "Mwulize kwanza. Mke wangu na watoto, ombi lao liko Uhamiaji. Nikisema ninachoumwa, watakataliwa?"

Daktari alisikiliza tafsiri, akakunja uso. Mkalimani akasema, "Anauliza, nani amekuambia hivyo?"

"Sijui. Nilisikia."

"Anasema hospitali haipeleki habari zako Uhamiaji. Anasema hakuna mtu anayenyimwa familia yake kwa sababu ya TB, na hakuna anayefukuzwa nchini kwa kukohoa. Dawa ni bure. Anasema angependa ungekuja mapema, lakini umekuja."

Mtu angetegemea ashukuru, pengine atabasamu. Ndayisaba alitazama magoti yake. Alichokihisi kilikuwa karibu na hasira, ila hakikuwa na mtu wa kukipokea. Tangu Agosti alikuwa akijizika kwenye taulo kwa ajili ya sheria isiyokuwepo.

"Daktari anauliza unaishi na nani," sauti ikasema.

Hapo alisita. Alimwona Félix akiongea na jiko. Nje ya dirisha theluji ilikuwa inaanguka taratibu, na daktari hakumharakisha.

"Kuna mtoto," alisema mwishowe. "Anaitwa Raïssa. Yuko kwenye hospitali ya watoto, amelazwa jana. Baba yake alisema wako watatu. Tuko wanne. Mwambie daktari tuko wanne, na achukue makohozi yangu sasa hivi."

Sauti ya simu ikamtafsiria daktari, neno kwa neno.

Alikaa katika chumba kile wiki nyingi. Chakula kililetwa na watu waliofunika nyuso, na dawa aligawiwa mkononi na kumezeshwa mbele ya macho. Mkojo wake uligeuka rangi ya chungwa, akaogopa, wakamwambia ni dawa. Majibu ya wadudu yalipotoka yalikuwa mazuri: walikuwa wanazisikia dawa za kawaida. Dawa alizoanzishwa Raïssa zilikuwa ndizo. Muuguzi aliyemletea habari hiyo alishangaa kumwona mwanamume mzima amegeukia ukuta.

Félix alipiga simu mara moja. "Umeniuza," alisema, akakata. Kampuni ya nyumba haikuarifiwa na mtu yeyote. Hospitali haikuwa na shughuli na mikataba ya nyumba. Kwa hiyo hata hofu ya Félix ilikuwa ya bure, kama ya Ndayisaba, lakini kujua hilo hakukuwarudishia walichopoteza.

Ghislaine alipiga baadaye, siku ambayo mtoto alikula bakuli zima la uji.

"Nimegundua kwa muuguzi," alisema. "Si kwako, si kwa mume wangu. Kwa muuguzi! Nilikuwa nakupakulia chakula kila siku, shemeji. Nilikuuliza, ukaniambia vumbi."

"Nisamehe."

"Mimi nafanya kazi na wazee, naosha watu wenye kila maradhi. Ungesema, ningelia siku moja, halafu ningekupeleka kupimwa mwenyewe. Ugonjwa haukunikasirisha. Umeniacha nimweke mwanangu mapajani mwako." Alivuta pumzi. "Usinipigie. Nikiwa tayari nitakupigia mimi."

Ilibaki Concessa. Ndayisaba alisubiri Jumapili, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akamweleza yote. Upande wa pili alisikia jogoo wa kwao akiwika.

"Usimwambie mtu mwingine huku," Concessa alisema hatimaye.

"Kwa nini?"

"Unajua kwa nini."

"Mama hajambo?"

"Mama anakohoa. Tangu mvua za kwanza. Tunampa majani, tunamkanda. Wifi anasema akipelekwa zahanati watu wataanza tena maneno ya Deusdedit, waseme nyumba ni ile ile."

Ndayisaba alisimama. Alikuwa dhaifu bado, ukuta ukamsaidia. "Concessa, nisikilize. Waambie mimi ninao. Mwambie wifi yako, waambie majirani, mtangazie mpaka padri. Sema mume wangu aliyeko Ulaya anao, amelazwa, anameza dawa, anapona. Wakimaliza kunisema mimi hawatabaki na pumzi ya kumsema mama."

"Na watoto je? Watawatazama vipi shuleni?"

"Watoto wanakuja huku. Mama anabaki huko. Mpeleke."

Concessa hakuahidi. Mama alipelekwa, ila baada ya mavuno ya maharagwe. Hata sasa, baada ya mavuno. Pafu moja lilikuwa limeshaharibika sana. Alimeza dawa zake hadi mwisho akapona, lakini tangu hapo akipanda kutoka mtoni hukaa chini mara mbili njiani, na mtu mwingine humbebea maji.

Jibu la Uhamiaji lilitoka mwezi wa Mei, nalo lilikuwa ndiyo. Agosti mwaka 2011, Ndayisaba akiwa amemeza kidonge chake cha mwisho, alisimama Arlanda na Anselmo. Watoto walitoka wamevaa makoti ya baridi wakati wa joto, kwa kuwa waliambiwa Ulaya ni barafu. Yule mdogo alimtazama kwa mashaka, akajificha nyuma ya mama yake, na ilichukua siku kadhaa kabla hajakubali kushikwa mkono.

Walipata nyumba Husby, kwa jina lao mlangoni. Félix alikuwa akionekana mara kwa mara kwenye usukani wa basi. Ndayisaba akipanda walisalimiana kwa kichwa, kama watu waliowahi kusafiri pamoja. Ghislaine hakupiga simu.

Jumamosi moja ya vuli Concessa alipika maharagwe na ndizi, akayafunika kwa kitambaa, akavaa koti.

"Unakwenda wapi na sufuria?" Ndayisaba alimuuliza.

"Hjulsta. Nielekeze treni."

"Hatakufungulia."

"Hajanikosea, wala mimi sijamkosea. Na wanao walilelewa na nani? Mimi. Na mwana wake alilishwa na nani? Wewe, ukamwumiza. Mtu wa nyumba hii lazima aende."

Alikwenda peke yake. Ndayisaba alishinda dirishani, akawapa watoto chakula, akafua, akarudi dirishani. Concessa alirejea jua likiwa limeshaegemea, sufuria tupu imeoshwa.

"Alifungua," alisema akivua viatu. "Tumekaa. Tumelia kidogo. Mtoto amenenepa, anakimbia nyumba nzima, amenipiga teke la goti."

"Ameniulizia?"

"Nani, mtoto au mama yake?"

Ndayisaba akaokota viatu alivyovivua mkewe, akavipanga mlangoni.

"Mtoto amekuulizia," Concessa alisema, akapeleka sufuria jikoni. "Mama yake, bado."